Harufu ya Mayai Kwenye Barabara ya Kasese

Kila niliyempa kifuko cha chumvi ya Katwe mwezi huu ameniuliza maswali yale yale: nilikwendaje Kasese na sufuria tatu za karamu nikarudi nazo, na kwa nini lori la kaka yangu limenyamaza? Nimewajibu wengi wenu nusunusu, mlangoni, mkono mmoja ukiwa kwenye komeo. Hapa najibu kwa utulivu, kwa wote.

Mnajua kwamba shangazi yetu, Bi. Mwanaidi, alifariki Kasese, na kwamba binti yake Zuhura alipanga kumsomea khitma ya arobaini siku ya Ijumaa baada ya swala. Sufuria kubwa za ukoo zimekaa katika nyumba yetu ya Old Kampala tangu enzi za babu. Kubwa kuliko zote tunaiita Bibi. Mtu mzima anaweza kuketi ndani yake akakunja miguu. Popote ndugu anapozikwa, anapoozwa au anapoombewa dua, sufuria hizo hupelekwa, nazo hazisafiri bila mtu wa ukoo. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa kaka yangu Haruna, na chombo kilikuwa lori lake dogo la petroli, kuukuu, lenye bodi ya mbao. Haruna alifariki mwaka jana. Katika nyumba ile nimebaki mimi, sufuria, na lori.

Old Kampala hadi Zigoti

Alhamisi asubuhi, Mama Njoki alinikuta nikifunga turubai. Huyu ni Mkenya anayepanga vyumba vyetu vya uani na kufuga kuku nyuma ya jiko. Alikuwa amebeba trei mbili za mayai, moja juu ya nyingine.

“Hizi ni za msiba,” alisema. “Si nyinyi huweka kwa pilau?”

“Kwenye biriani. Lakini Mama Njoki, ni mengi mno.”

“Si yako, Bi Salma. Ni ya marehemu. Usinikatalie kitu ya marehemu.”

Aliyaweka kwenye kiti cha abiria, akayafunga mkanda kama mtoto, kisha akarudi nyuma kuitazama kazi yake.

“Sasa uko na mtu,” alisema.

Niliwasha lori. Wale mliopanda lori la Haruna mnaukumbuka mlio wake: chini ya sakafu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, haraka lori linapokimbia, polepole linapopoa. Haruna alikuwa akisema kwamba lori lake linavuta tasbihi. Baada ya mazishi niliona haya kuwaambia watu kwamba siku nyingine nililiwasha uani, likiwa limesimama, ili niusikie tu.

Baada ya Buloba nilianza kusikia harufu ya yai viza. Nilifungua dirisha, ikazidi. Kila nilipokanyaga mafuta, ilinijia kwa nguvu zaidi, na kila nilipotazama kando, yale mayai yalikuwa yamekaa kwenye mkanda wao kwa adabu. Nilimdhania Mama Njoki vibaya kwa mwendo mrefu. Nilijiambia kwamba ameokota mayai ya kuku aliyejificha, ameyafuta vumbi, amenipa. Kisha nikajiona mtovu wa shukrani. Kisha harufu ikarudi, nikamdhania tena. Nilipofika Zigoti nilikuwa nimeamua kuyatupa.

Niliegesha mbele ya kibanda cha chapati. Kabla sijazima injini, mwanamke mnene mwenye aproni alitoka na roleksi mbili, zile chapati zinazoviringishwa na mayai, zilizokwisha kufungwa kwenye karatasi.

“Haluna, umetupotea,” alisema huku akija, kwa lafudhi yake ya Kiganda isiyo na r. “Nilisema umeoa huko, umetusahau.”

Aliponiona mimi alisimama. Nikashuka, nikamwambia kwamba mimi ni dada yake, na kwamba Haruna hayupo tena. Aliziweka zile roleksi juu ya meza polepole sana. Wateja wake walimwita Nnalongo, kama wanavyoitwa akina mama waliozaa mapacha.

“Nimesikia gali tu, nikaanza kupika,” alisema. “Pole, mama, pole nnyabo. Yeye alikuwa nakula mbili kila safali.”

Nikamuuliza mahali pa kutupa mayai mabovu. Alinifuata hadi dirishani, akachukua yai moja, akalipasua juu ya kikombe, akanusa. Akapasua la pili. Kisha akainama, akanusa chini ya lori, akainuka akiwa ameshika pua.

“Mayai ni mzima, nnyabo. Ni gali nanuka.”

“Kumbe ni gali imetaga,” alisema mteja mmoja, na benchi zima likacheka. Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba wa shangazi. Nnalongo alikaanga yale mawili, akanifungia kwenye chapati, nikala nikiwa nimesimama, pengine palepale alipokuwa akisimama kaka yangu.

Mityana

Kabla ya mji, lori lilianza kukosa pumzi. Nilikanyaga mafuta, nalo halikuitika. Mwanamume aliyepakia mikungu ya matoke kwenye baiskeli alinipita kwenye mwinuko, akageuka kunitazama, nami nikatazama mbele.

Niliingia kwenye gereji ya kwanza niliyoiona. Fundi aliitwa Sula, mtu mrefu mwenye kofia ya swala iliyopakwa grisi. Alilala chini ya lori, akagonga bomba la moshi kwa spana, akasikiliza, akagonga tena.

“Nnyabo, gali yako nashindwa kupumua,” alisema alipotoka. “Hapa katikati iko chujio ya moshi. Ndani iko kama masega ya nyuki. Imevunjika, vipande naziba njia. Moshi natoka wapi? Haitoki. Na ile halufu ni hiyo hiyo.”

“Inatengenezeka?”

“Haitengenezwi. Mpya hapa hakuna. Mimi natoa, naweka bomba tupu, unafika Kasese leo. Lakini ile ya zamani nabaki nayo. Kuna watu wa Kampala nanunua vitu vya ndani. Sikufichi.”

Nilipenda kwamba hakunificha. Nilikuwa karibu kukubali.

“Na huu mlio wa kokoto?” niliuliza.

“Ah, hiyo ndio masega nacheza ndani. Nikitoa, kimya kabisa. Utasahau kama iko na injini.”

Alisema hivyo kama mtu anayeongeza zawadi juu ya zawadi. Nilimwambia nina haraka, kwamba nitalishughulikia Kampala. Haikuwa kweli. Mtu mwenye haraka angekubali. Ukweli ni kwamba sikuwa tayari kusikia lori la Haruna likiwa kimya, na kwa sababu hiyo niliziweka sufuria za watu hatarini.

Sula aliinua mabega. “Basi enda polepole. Na usipaki kwenye nyasi kavu. Hapo chini nawaka kama sigili ya makaa.”

Kilima cha baada ya Mubende

Hadi Mubende nilikwenda kwa gia ndogo, nikiwapisha wote. Kwenye kituo kimoja cha mafuta, mlinzi mzee aliyekuwa ameketi kivulini aliinuka aliposikia zile kokoto, akanyoosha mikono yote miwili juu. Nilipaswa kusimama. Badala yake nilipiga honi mara mbili, fupi na ndefu, kama alivyokuwa akipiga Haruna, nikapita. Nilifikiri kwamba kwa mtu mmoja angalau, kaka yangu bado yuko safarini.

Mbele kidogo ya mji kuna kilima ambacho magari mengine hayakioni hata kama ni kilima. Lori lilifika katikati, likatetemeka, likazimika. Niliachia breki kidogo, likarudi nyuma hadi pembeni mwa barabara, nikalala kwenye usukani kwa uchovu.

Nilichonusa baadaye hakikuwa yai. Nilikuwa nimeegesha juu ya nyasi kavu, kama nilivyokatazwa, na moshi mweupe ulikuwa ukipanda pande zote mbili za kabini. Niliruka chini. Moto ulikuwa mdogo bado, ukitambaa kutoka chini ya bomba. Nilimwaga jerikeni ya maji niliyobeba kwa ajili ya wudhu, kisha nikavuta mfuniko wa Bibi kutoka chini ya turubai na kuanza kuzipiga nyasi nao. Kila pigo lilitoa sauti kama ya kengele, na hapakuwa na mtu wa kunicheka.

Trela moja lilisimama. Dereva alikuja mbio na kizimamoto kidogo, akamaliza kazi, kisha akanitazama mimi na mfuniko wangu.

“Mama, ulikuwa unataka kujipika?”

Aliitwa Oloo, Mkenya anayekaa Nakawa, Kampala, akielekea mpaka wa Kongo. Aliweka mawe nyuma ya matairi, akaondoa nyasi zilizobaki, akakaa chini kungoja chuma kipoe. Hakuna mtu anayeweza kuharakisha chuma. Tulikula ndizi zake na kuongea kuhusu Nakawa, mahali ambapo nafanya kazi na yeye analala, bila kuwahi kuonana.

“Sasa hizo sufuria ni za nini?”

“Za khitma ya shangazi yangu. Wapishi wanazingoja.”

“Na hakuna mwanaume wa kukusindikiza?”

“Alikuwepo.”

Akainuka, akatafuta spana. Alilegeza kiungio cha bomba kabla ya kile kichujio, ili moshi upite kando badala ya kugonga ukuta. Nilipowasha, lori lilinguruma hivi kwamba ng'ombe waliokuwa ng'ambo waliinua vichwa. Lakini likaenda. Chini ya ngurumo ile kokoto hazikusikika hata kidogo.

“Fungua madirisha yote,” alinipigia kelele. “Moshi itakuingilia. Ukisikia kichwa kinauma, simama. Si mchezo hiyo.”

Zuhura alipiga simu wakati huohuo, nami nikaenda mbali na injini.

“Dada Salma, uko wapi?”

“Nimetoka Mubende. Lori limechoka.”

“Wapishi wanaanza baada ya alfajiri.”

“Nisubirini, Zuhura.”

“Watu watasubiri,” alisema. “Nyama haisubiri.”

Kyenjojo

Jua lilikuwa linazama tulipofika Kyenjojo. Oloo alitangulia mbele yangu njia yote, akipunguza mwendo kila aliposhindwa kuniona kwenye kioo chake. Nilikuwa nimeumwa kichwa tangu Kyegegwa, nikasimama mara kadhaa kuvuta hewa, na kila mara trela lilinisubiri mbele bila kupiga honi. Mjini alishusha kioo.

“Mimi lazima nifike mpakani. Wewe lala, Mama. Usiendeshe hii kitu gizani.”

Nikamtazama akiondoka mpaka taa zake nyekundu zikapotea. Sikumpa hata yai.

Katika nyumba ya wageni, msichana wa mapokezi alitazama nyuma yangu, kisha akanitazama mimi.

“Wawili?”

“Mmoja.”

Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Nililaza mayai kwenye kile cha pili, kwa kuwa mezani hapakutosha. Nililetewa kalo, ugali wa ulezi, na firinda, yale maharage yaliyomenywa maganda yakapondwa hadi kuwa laini, na chai ya maziwa iliyokolea moshi wa kuni. Kilikuwa chakula kizuri kuliko vyote vya safari ile, nami sikuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Haruna alikuwa mtu wa kusema, “Onja hii,” kabla hata hajameza. Nilitambua kwamba ninachokikosa zaidi si maneno yake makubwa, ambayo hakuwa nayo, bali hilo neno dogo la mezani.

Fort Portal hadi Kasese

Ijumaa nilipita kwenye mashamba ya chai huku nikinguruma, na wachumaji waliinuka kunitazama kana kwamba nimevunja kitu. Fort Portal nilisimama kukaza kiungio kilichokuwa kikizidi kulegea; bomba lilikuwa la moto, ikabidi ningoje. Kuanzia hapo barabara inashuka, milima ikiwa upande wa kulia ndani ya mawingu, na kwenye mteremko lori lilijisahau likaenda kama zamani.

Nilifika Kasese watu wakitoka msikitini. Mtaa mzima ulinisikia. Niliposimama mbele ya nyumba ya marehemu shangazi, niliona wanawake wakija kutoka kila upande, kila mmoja na sufuria yake ya nyumbani juu ya ngata au mikononi, wakiingia uani na kumimina kwenye masinia. Zuhura alikuwa mlangoni, mtandio umefungwa kiunoni.

“Tuligawa mchele na nyama kila nyumba,” alisema baada ya salamu. “Asubuhi. Tuliona huji.”

Nilikula pamoja na wengine. Sinia moja lilikuwa na pilau ya namna nyingi: huku nyeupe, huku kahawia, huku nyekundu kwa nyanya, konzi moja bila chumvi, konzi nyingine ya pilipili ya kumtoa mtu machozi. Jirani mmoja, Mkonzo mwenyeji wa Kasese, aliyekuwa hajapata kupika pilau maishani alikuwa akituuliza mmoja mmoja kama ni kweli tumekula yake au tumeikwepa. Watu walikuwa wanacheka katika khitma, kwa upole, wakibishana juu ya mkono wa nani uliopika kipi. Sufuria zangu zilikaa nje juu ya lori, safi kabisa.

Zuhura alikuja kuketi karibu nami watu walipopungua.

“Fundi wa Mityana angeweza kulitengeneza,” nilimwambia. “Ningefika jana. Nilimkataza.”

“Kwa nini?”

“Alisema litanyamaza.”

Hakunilaumu wala hakunifariji. Alikuwa akichambua punje za mchele kwenye kanga yake.

“Mama alikuwa akizisikia zile kokoto toka kule njia panda,” alisema. “Anabandika chai. Haruna akishuka, chai iko tayari. Leo umekuja na ngurumo, nikafikiri ni gari la kubeba mawe.” Kisha akainuka. “Hayo mayai ya nani?”

“Ya jirani yangu. Ya biriani.”

“Biriani haipo. Lete Bibi.”

Ikabidi wanaume wanne waishushe. Waliweka mafiga, wakajaza maji chini kidogo tu, na katika sufuria inayolisha mtaa tulichemsha trei mbili za mayai. Yalikuwa yakigongana mle chini kama kitu kilichopotea ndani ya kisima. Yale mawili ya Zigoti yalipungua, lakini kila mtu aliyekuwa uani alipata lake, na wazee wakaomba dua juu yake kama juu ya chakula kamili.

Asubuhi ya kurudi nilimwambia Zuhura kwamba sufuria zibaki kwake. Kampala hakuna tena wa kupikia. Nyumba ni yangu peke yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu Kyenjojo.

“Hapana,” alisema.

“Zitakaa bure.”

“Zikae. Zikiwa hapa, nani atakuwa na sababu ya kuja kwako?”

Tena kwetu sufuria hairudi bila kitu ndani. Aliweka vitunguu katika ndogo, mahindi katika ya kati, na ndani ya Bibi akaingiza gunia la chumvi ya Katwe, ile inayovunwa ziwani karibu na kwao, akafunika.

Kurudi

Mubende yule mlinzi alikuwa kivulini mwake. Lori lilipita mbele yake likinguruma naye hakuinua hata kichwa. Nilisimama, nikarudi kwa miguu, nikamsalimu, nikamwambia habari za Haruna.

“Lakini juzi amenipigia honi,” alisema.

“Ilikuwa mimi, mzee.”

“Basi ulipiga kama yeye.” Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilimpa chumvi, akaipokea kwa heshima kubwa, kama kitu alichoachiwa na Haruna.

Mityana, Sula alinitazama nikiingia na ngurumo yangu, hakusema “nilikwambia”. Alisema, “Kalibu, nnyabo,” akaingia chini. Alikata kile kichujio, akakitikisa kabla ya kukiweka kando, na kwa mara ya mwisho nilisikia zile kokoto zikiwa mkononi mwa mtu.

“Ngoja,” nilisema. “Kitikise tena.”

Alinitazama, akakitikisa tena, polepole, bila kuniuliza kitu. Kisha akakiweka kwenye rafu yake.

Kuanzia pale lori lilikuwa na nguvu na ukimya. Zigoti, Nnalongo alikuwa anakunja chapati akiwa amenipa mgongo, na hakugeuka mpaka nilipomgusa bega.

Niliingia uani kwetu alasiri. Nilikuwa bado nafungua turubai Mama Njoki alipochungulia kwa tahadhari kutoka mlango wa nyuma, ameshika fimbo ya kuku.

“Nani amefika?”

“Ni mimi.”

“Sikusikia ile gari. Nikadhani ni mgeni.” Aliiweka fimbo chini, akashika upande wa pili wa Bibi bila kuombwa. “Eh, ni nzito. Umebeba nini?”

“Chumvi,” nilimwambia. “Trei zako ziko pale mbele, na kwetu chombo hakirudi kitupu. Lete bakuli nikujazie.”